Mate ni Kinga ya Meno: Yapewe Nafasi Yafanye Kazi

Jua likikaribia kuzama, wauzaji kahawa wa Mji wa Kale hutoka na madele yao na mabaraza hujaa watu. Kikombe cha kahawa chungu, kipande cha kashata. Mazungumzo yakinoga, kikombe cha pili na kashata nyingine. Tuseme mzee mmoja amekula vipande vitatu mara moja, na mwenzake amevila kimoja kimoja hadi saa tatu usiku. Sukari waliyokula ni sawa, lakini meno ya yule wa pili ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Sababu ni mate.

Kazi ya mate

Mtu mzima mwenye afya hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mengi hutoka katika jozi tatu za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zaidi ya asilimia 99 ya mate ni maji. Sehemu ndogo inayobaki ina madini kama kalisiamu na fosfeti, protini zinazopambana na vijidudu, na chumvi inayopunguza ukali wa asidi.

Mtu akila kitu kitamu, bakteria walioganda kwenye meno huigeuza sukari kuwa asidi katika dakika chache. Asidi hiyo hulitoa jino madini yake. Mate huiosha, huipunguza makali, kisha hurudisha madini kwenye jino. Kazi hii huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Anayekula kitamu kila baada ya dakika 20 hayapi mate muda wa kuimaliza. Jino hukaa ndani ya asidi jioni nzima, na siku zikipita hutoboka. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayemumunya mabuyu ya sukari moja moja tangu atoke shuleni mpaka usiku.

Kinywa kinapokauka

Mate hupungua sana mtu anapolala. Chakula kilichobaki kwenye meno usiku hakina wa kukiondoa.

Miraa na muguka hukausha kinywa. Watafunaji wengi huondoa ukavu na uchungu huo kwa soda, peremende au chingamu yenye sukari. Hapo meno hupata hasara mara mbili: mate yamepungua, na sukari inaingia kwa saa kadhaa mfululizo.

Baadhi ya dawa za presha, mzio na msongo wa mawazo pia hupunguza mate. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo, bali amweleze daktari. Kisukari nacho huweza kukausha kinywa. Mwenye ukavu wa mara kwa mara, kiu isiyokatika na kukojoa sana anafaa kupimwa sukari bila kuchelewa.

Wakazi wanashauriwa:

• Kula vitamu pamoja na mlo au kwa mara moja, badala ya kuvidonoa siku nzima.

• Kunywa maji mara kwa mara, hasa wakati wa joto la kaskazi. Baada ya kahawa na kashata, kusukutua kwa maji.

• Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, mara moja ikiwa kabla ya kulala.

• Baada ya kula achari, ndimu au ukwaju, kusubiri takriban nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwani asidi hulainisha jino kwa muda.

• Mwezi wa Ramadhani, kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na kupiga mswaki baada ya daku. Mswaki wa mti husafisha meno na kuamsha mate, lakini hauchukui nafasi ya floraidi.

• Wenye kinywa kikavu, kutafuna chingamu isiyo na sukari.

Jino lenye doa jeupe kama chokaa bado linaweza kuokolewa, maana mate na floraidi huweza kulirudishia madini. Likishatoboka, tundu halizibiki lenyewe. Kwa hivyo anayeona doa, ufizi unaotoka damu au ukavu usioisha asisubiri maumivu. Amwone daktari wa meno katika hospitali ya umma iliyo karibu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Pwani.