Korongo Lako, Maji ya Umma: Haki Zako Mbele ya Lambo la Jirani

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianze mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, mashamba ya uwele na mtama ya pembezoni yamekuwa yakigeuka viwanja. Mwenye ekari zake chache zenye korongo katikati huona fursa: akodi tingatinga, azibe korongo kwa tuta la udongo, na mvua za Desemba hadi Aprili zikikubali, awe na ziwa. Boti mbili, nyama choma, kiingilio cha wikiendi. Ni biashara halali. Ila wewe unayekaa chini ya tuta hilo una haki ambazo pengine hujawahi kuambiwa.

La kwanza linawashangaza wengi. Hati ya kiwanja haimpi mtu umiliki wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, yakiwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Kukinga mvua ya bati lako kwenye simtanki hakuhitaji kibali. Kuziba korongo ni jambo jingine kabisa, hata kama korongo hilo hukauka miezi saba. Hapo kunahitajika kibali cha kujenga bwawa na kibali cha kutumia maji. Mashamba ambayo maji yake yanaingia Mto Kinyasungwe yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa. Ukumbi wa harusi uliomwagiwa zege ukingoni mwa maji una maswali ya kujibu.

Sasa tuje kwenye tuta lenyewe. Mabwawa ya udongo mara nyingi huvunjika kwa sababu maji yamepita juu ya tuta, au yamepenya ndani yake na kutoka na udongo. Ndiyo maana huwekwa utoro, njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada. Na utoro ndio unaochezewa. Mwenye bwawa anataka ziwa lijae hadi Septemba ili boti zielee, basi anaupandisha kwa viroba vya mchanga. Au amepandikiza perege, anaziba kwa nyavu wasitoroke, nyavu zinashika magugu, na siku ya mvua kubwa maji hayana pa kwenda ila juu ya tuta. Ukiona hivyo, au ukiona maji ya tope yakichuruzika mguuni mwa tuta, ufa mrefu juu yake, au mti mkubwa umeotea hapo, una sababu ya kulalamika leo. Usingoje libomoke.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria zetu zinaruhusu mahakama kutumia kanuni za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyoendana na mazingira yetu. Miongoni mwake ni ile ya Rylands dhidi ya Fletcher ya mwaka 1868, na kesi hiyo ilihusu hasa bwawa la mtu binafsi. Mwenye kiwanda alijengewa bwawa, maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani na kufurika katika mgodi wa jirani. Yeye mwenyewe hakuwa amezembea. Alilipa. Anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kisichokuwapo kiasili, ambacho kikitoroka kitadhuru, hukiweka kwa hasara yake.

Utetezi utakaousikia ni mmoja: “Mvua ya Mungu.” Mwaka 1876, katika kesi ya Nichols dhidi ya Marsland, mwenye maziwa ya mapambo yaliyobomoka kwa mvua isiyo ya kawaida aliachiwa kwa hoja hiyo. Lakini mwaka 1917, katika shauri kutoka Greenock, Scotland, halmashauri iliyogeuza mkondo wa kijito ili watoto wapate bwawa la kuchezea ilibanwa ilipe, na mvua kubwa haikuiokoa. Kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayofaa Dodoma. Hapa mvua haijawahi kuwa na adabu: mwaka mmoja ukame, mwaka wa pili gharika. Anayejenga lambo hapa bila kutarajia gharika hajashtukizwa na yeyote.

Na gharika huua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, Kenya, lililokuwa ndani ya shamba binafsi, lilibomoka na kuua watu zaidi ya 40. Mwenye shamba na maofisa wa serikali walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo anza kabla ya Desemba. Mwandikie mwenye bwawa barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na Bodi ya bonde. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Iombe Bodi ikueleze kama kibali kipo na lini tuta lilikaguliwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuuliza na inaipa taasisi siku 30 za kujibu. Wakipuuza, Sheria ya Mazingira inakuruhusu kufungua shauri, na mahakama inaweza kutoa zuio hata kabla madhara hayajatokea.

Kwa wanaolipa kiingilio: bango la “ogelea kwa hatari yako” linaweza kumsaidia mwenye bwawa, lakini halifuti wajibu wake wote, hasa kwa watoto. Dai jaketi okozi kabla ya kupanda boti.

Maji yakishakupitia, piga picha nyumba, mazao na tuta lililobomoka siku hiyohiyo, kabla tingatinga halijafukia ushahidi. Madai ya namna hii hayapelekwi Mahakama ya Mwanzo. Nenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ndani ya miaka 3. Kama ugomvi ni wa mpaka, mathalani ziwa limemeza kipande cha shamba lako, pitia kwanza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyemudu wakili aulize ofisi ya kata walipo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Huduma yao hailipiwi.