Lugha ya Mimbari Katika Jiji la Wengi: Kiswahili na Huduma za Kikristo Nairobi

Utangulizi

Mahubiri ni tendo la lugha. Mhubiri aweza kuwa na imani thabiti na elimu pana, lakini asipoeleweka kazi yake huwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Mashambani, ambako aghalabu waumini huchangia lugha moja ya mama, suala hili halizui mjadala mkubwa. Mjini mambo ni tofauti. Nairobi, iliyoanza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, imekusanya watu wa kila jamii ya Kenya pamoja na wageni kutoka nchi jirani. Makala haya yanachunguza jinsi uteuzi wa lugha mimbarini unavyoamua nani anakaribishwa na nani anabaki mlangoni.

Usuli wa Kihistoria

Suala lenyewe si geni. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, alianza mapema kujifunza Kiswahili na kutafsiri sehemu za kitabu cha Mwanzo. Mnamo 1875, wamishonari wa Kianglikana walianzisha makazi ya Freretown, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walikuwamo Wayao, Wamakua na wengineo wasiochangia lugha ya kuzaliwa. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Jina la Kengeleni lingali linakumbusha kengele ya makazi hayo.

Baada ya lahaja ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, Biblia ya mwaka wa 1952, ijulikanayo kama Union Version, iliwapa Waprotestanti wa bara na pwani maandiko ya pamoja. Kwa upande wa Wakatoliki, Baraza la Pili la Vatikano (1962–1965) lilifungua mlango wa kuadhimisha misa kwa lugha za waumini.

Msamiati wa Pamoja

Msamiati wa Kikristo katika Kiswahili una tabaka zaidi ya moja. Maneno kama imani, sala, dhambi, toba, neema, nabii na malaika yana asili ya Kiarabu, na hutumiwa na Waislamu vilevile. Hata kanisa, injili na msalaba yalipitia Kiarabu. Kwa upande mwingine, wokovu, utakatifu na mchungaji yametokana na mizizi ya Kibantu. Jambo hili lina uzito katika mtaa kama Eastleigh, ambako Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta. Mhubiri anapotumia kipaza sauti, jirani Mwislamu huelewa barabara kila anachokisema. Hivyo lugha hiyohiyo inayobeba ujumbe humdai mhubiri heshima.

Uteuzi wa Lugha na Athari Zake

Mhubiri wa Nairobi ana njia nne kuu. Lugha ya mama humfariji mhamiaji na kumkumbusha kwao, lakini humfungia nje jirani wa jamii nyingine. Kiingereza huwavutia wasomi na kumwacha nyuma mama muuza mboga. Sheng huwanasa vijana, ila hubadilika upesi na huweza kumtatiza mzee au mgeni aliyewasili mjini jana. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, huwafikia wengi zaidi bila kumtambulisha msemaji na kabila moja.

Faida hii ya mwisho si ndogo. Kufuatia machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani mnamo Februari 2008 kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na za kikabila. Katika mtaa mchanganyiko, ibada ya lugha ya kabila moja huweza kuwa faraja wakati wa amani na ikageuka mpaka wakati wa uhasama.

Mkalimani Mimbarini

Makanisa mengi hutatua tatizo kwa kumsimamisha mkalimani kando ya mhubiri wa Kiingereza. Njia hii huwafaa wasikilizaji, ingawa kasi yake huzaa tafsiri sisisi. Husikika sentensi kama “Mungu anaenda kukubariki” mahali pa “Mungu atakubariki”, au “Mungu mwenye anaponya” badala ya “Mungu anayeponya”. Waumini pia huambiwa “wapeane sadaka” badala ya “watoe sadaka”, ilhali kiambishi -an- katika usanifu huashiria utendano: anayetoa ndiye pia anayepokea. Haifai kumlaumu mkalimani pekee, kwani mara nyingi huitwa papo hapo bila kuona hotuba wala kupata mafunzo.

Hitimisho

Imebainika kwamba Kiswahili hakikuingia makanisani kama pambo. Kiliingia kwa sababu watu wasiochangia lugha walihitaji kusali pamoja, na haja hiyo ingalipo Nairobi. Lugha za mama hazina budi kuheshimiwa, hasa katika kuwafariji wafiwa na wagonjwa. Hata hivyo, ibada inayodai kuwa ya wote sharti iongozwe kwa lugha ya wote. Vyuo vya theolojia vingefanya vyema kufunza ukalimani na Kiswahili cha mimbari. Nao wanafunzi wa Kiswahili wana uwanja mpana wa utafiti usiohitaji nauli ya mbali: ibada ya Jumapili katika mtaa wowote wa jiji.