Damu ya Baba na Damu ya Mama

Mtoto afikapo miezi minane, mikono na miguu yake yavimba, macho yawa ya manjano, naye alia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Akipata nafuu leo, mwezi ujao augua tena. Ndipo wazee wa ukoo huketi na kuulizana: "Ugonjwa huu umetoka wapi? Kwetu haupo." Na kwa kuwa kwa baba "haupo", basi hapana budi umeletwa na mama. Wako wanawake waliorudishwa kwao kwa shauri la namna hiyo, na wengine wakashukiwa uzinzi. Ndugu msomaji, hukumu hiyo si ya haki, na elimu ya urithi yatuonyesha wazi sababu yake.

Msingi wa elimu hiyo uliwekwa katika bustani ya monasteri. Gregor Mendel, padre mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alifanya majaribio ya njegere tangu mwaka 1856 hata 1863, akizihesabu mbegu zake kwa uvumilivu ambao wengi wetu hatuna. Alichanganya njegere za mbegu za mviringo na njegere za mbegu zilizokunjamana. Uzao wa kwanza wote ulitoka mviringo, kana kwamba mikunjo imetoweka kabisa. Lakini uzao huo ulipozaa nao, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Kumbe mikunjo haikutoweka, ilijificha tu. Mendel aliwasomea habari hizo wataalamu wa maumbile wa Brno mwaka 1865, wala hawakuzitilia maanani. Alifariki mwaka 1884, na ulimwengu haukuitambua kazi yake mpaka mwaka 1900.

Alilolifahamu ndilo hili: sifa ya namna hiyo hutokana na vitu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, ambavyo leo twaviita jeni. Kimoja chaweza kutawala, na kingine kikakaa kimya, kikarithishwa vizazi na vizazi bila mtu kukijua.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Ugonjwa wake ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni kama kisahani laini, nayo huishi siku zipatazo 120. Ya mgonjwa wa selimundu hupinda kama mundu, ikawa ngumu, ikaziba mishipa midogo. Ndiyo asili ya maumivu yale. Tena hufa upesi, baada ya siku 10 hadi 20, na kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu daima. Kosa lenyewe ni dogo mno: ni badiliko la kiungo kimoja tu katika himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa ndani ya damu.

Ili mtoto apate ugonjwa huo, sharti apokee jeni yenye kasoro kutoka pande zote mbili. Akipokea moja tu, huwa mbebaji: hospitali humwandika AS, naye kwa kawaida huishi maisha yake yote akiwa mzima. Basi yule baba asemaye "kwetu haupo" asema asilolijua. Mtoto akiwa SS, hakika baba na mama wote wawili wamechangia.

Hapa pana jambo ambalo hata watu waliosoma hulikosea. Wakiambiwa kwamba wazazi wawili walio AS wana bahati moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa, hudhani kwamba akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa salama. Sivyo. Mfano wake ni baba na mama kurusha kila mmoja sarafu yake. Kila mimba ni kurusha upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Nyumba moja yaweza kuwa na wagonjwa watatu mfululizo, na jirani yao, wenye damu kama hiyo, wasipate hata mmoja.

Jambo jingine huwadanganya watu: mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa. Miezi ya kwanza bado ana himoglobini ya tumboni mwa mama, nayo humkinga. Ipunguapo, karibu na mwezi wa sita, ugonjwa hujitokeza, na majirani husema amerogwa. Hakurogwa, alikuwa nao tangu kutungwa mimba.

Wala mbebaji asione haya. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye mbu wengi, lakini ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mgonjwa mwenyewe, kinyume chake, malaria humdhuru vibaya.

Wachumba wafanyeje? Wapime damu mapema, kabla mahari haijatolewa na kabla tangazo la ndoa halijasomwa kanisani, wakati ambapo bado waweza kuzungumza bila aibu. Waombe kipimo kinachoonyesha aina ya himoglobini, AA, AS au SS, kwa maana kile cha haraka chaweza kushindwa kumtenga mbebaji na mgonjwa. AS akioana na AA, hawatarajii mtoto wa SS. Wakiwa AS wote wawili, Kanisa halihesabu hali hiyo kuwa kizuizi cha ndoa. Lakini kuingia ukijua na kuingia usipojua ni mambo mawili.

Kwa mtoto aliyekwisha zaliwa nao, ziko chanjo, penisilini ya kila siku katika miaka ya kwanza, maji ya kunywa kwa wingi, na dawa ya haidroksiurea ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Homa ikimpanda, apelekwe hospitali siku ileile. Asingojewe mpaka kesho, wala asipitishwe kwanza kwa mganga.