Jina Lililo Katika Hati: Somo kwa Anayetaka Kununua Fleti katika Mji Mkubwa



Si ajabu siku hizi, mtu akipita Yoba hapa Gitega au katika maduka ya Muyinga mjini, kumsikia mfanyabiashara akisema kwamba akiba yake imefika mahali pazuri na sasa anatafuta nyumba katika mji mkubwa. Wengine hutazama Bujumbura, kwenye vilima vya Kiriri au katika mitaa ya Kinindo. Wengine, kwa kuwa bidhaa zao hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuingia nchini kwa njia ya Kabanga na Kobero, hutazama mbali zaidi: Masaki, Oysterbay au Upanga. Tamaa hiyo ni halali, na mwenye kuhangaika miaka mingi barabarani anastahili kupumzika mahali pazuri. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mnunuzi wa upande huu wa mpaka hana budi kuyajua kabla hajatoa hata faranga moja.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nguo, raia wa Burundi. Kila afikapo Dar es Salaam hulala kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mtanzania, ambaye wanaitana ndugu. Siku moja dalali anawapeleka Masaki na kuwaonyesha fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne, upepo wa bahari ukiingia dirishani. Mfanyabiashara anaipenda. Rafiki anamwambia: "Ndugu yangu, wewe si raia wa hapa, utasumbuliwa na makaratasi. Tuandike jina langu, nyumba ibaki yako. Mimi na wewe tunajuana." Fedha zinalipwa, funguo zinatolewa, na kwa miaka michache mambo yanakwenda vizuri.

Kisha rafiki anafariki. Mjane na watoto wake wanafungua sanduku la makaratasi na kukuta hati yenye jina la marehemu. Kwao hiyo ni mirathi. Hawamjui mgeni huyo ila kama mtu aliyekuwa akilala kwao. Je, ni wezi? Hapana. Wanadai kile ambacho hati inasema ni chao.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini njia iliyomo ndani yake hupendekezwa kwa wanunuzi wengi, mara nyingi na watu wenye nia njema.

Fleti ni kitu gani mbele ya sheria?

Anayenunua nyumba ya kawaida hupata kiwanja na kilichojengwa juu yake. Anayenunua fleti hupata sehemu moja ya jengo, pamoja na fungu katika vitu vya pamoja: ngazi, lifti, paa, maegesho ya magari na ardhi yenyewe. Tanzania Bara imeliwekea jambo hili Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo kila sehemu ya jengo huweza kuwa na hati yake, na wamiliki wote huwa na chombo chao cha kusimamia jengo na kukusanya gharama za matunzo.

Kwa hiyo fleti haielei hewani. Imefungamana na ardhi iliyo chini yake, na mwenye kutaka kuimiliki hukutana kwanza na sheria ya ardhi.

Sheria ya Tanzania yasemaje juu ya mgeni?

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inasema kwamba mtu asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, kwa utaratibu wa sheria za uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia nayo huhesabiwa kuwa si raia. Hivyo kufungua kampuni kwa haraka hakuondoi kizuizi. Nyumba ya kukaa na familia si mradi wa uwekezaji kwa sababu tu imegharimu fedha nyingi.

Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za majengo ya fleti, tofauti na za Bara. Mtu asichukue habari aliyoisikia kuhusu Unguja akaitumia Masaki, wala kinyume chake.

"Lakini sisi sote ni Jumuiya"

Hoja hii husikika mara nyingi mpakani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Watu wakahitimisha kwamba Mrundi aweza kununua nyumba popote ndani ya Jumuiya kama anavyonunua Gitega. Sivyo. Ibara ya 15 ya Itifaki hiyo imeacha suala la ardhi na majengo litawaliwe na sera na sheria za kila nchi mwanachama.

Ndiyo maana majirani wanatofautiana. Kenya, kwa Ibara ya 65 ya Katiba yake ya mwaka 2010, humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Uganda nayo humruhusu mgeni kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania Bara imechagua njia ya uwekezaji. Kila mlango una ufunguo wake.

Hatari ya jina la kuazima

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kuazima jina la mwingine ana daftari, lakini daftari hilo linamtaja mtu mwingine. Madhara yake ni haya:

Kwanza, mwenye jina aweza kuuza fleti au kuiweka rehani benki, na mnunuzi mpya au benki ikasimama juu ya hati.

Pili, mwenye jina akifa, akiachana na mkewe, au akidaiwa, fleti huhesabiwa katika mali zake.

Tatu, karatasi ya siri mliyoandikiana huenda isikufae. Ukiipeleka mbele ya hakimu, unakiri kwa mkono wako kwamba ulikusudia kuikwepa sheria.

Nne, na hapa nasema kama polisi: usitegemee kwamba askari wa upande huu atavuka mpaka kukurudishia nyumba. Polisi wa nchi zetu hushirikiana katika kuwasaka wahalifu, lakini mgogoro wa umiliki huamuliwa na vyombo vya ardhi na mahakama za nchi ilipo nyumba. Kama umelaghaiwa kwa hati ya kughushi, hilo ni kosa la jinai, toa taarifa mara moja kwa polisi wa mahali tendo lilipofanyika. Kama ulitoa jina kwa hiari, utakuwa na kesi ngumu na ushahidi mchache.

Wako pia wanaoshauriwa kujipatia vitambulisho vya uraia kwa udanganyifu. Tunao ndugu wengi walioondoka hapa mwaka 1972 na baadaye wakapewa uraia wa Tanzania kwa njia halali. Haki yao ni yao wenyewe, haiazimwi. Kujiandikisha kwa uraia usio wako ni kosa, na hulipiwa kwa kifungo na kwa nyumba pia.

Njia zilizo halali

Mwenye biashara Dar es Salaam aweza kupanga fleti kwa mkataba wa maandishi, akiwa na kibali halali cha kukaa nchini. Mwenye mtaji wa kweli aweza kupitia mamlaka ya uwekezaji. Na mwenye kutaka nyumba ya kuwaachia watoto anayo nchi yake. Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura imebaki mji wa biashara.

Hata nyumbani hati ndiyo msingi. Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 imeweka taratibu za usajili. Anayenunua Kiriri au Kinindo aulize ofisi ya hati za ardhi kama jina la muuzaji ndilo lililosajiliwa na kama hakuna rehani, kisha mauziano yapitie kwa notari. Atazame na ardhi yenyewe: vilima vya Bujumbura vina makorongo yanayobomoka wakati wa mvua. Karibu na ziwa Tanganyika, sheria ya maji ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka ufukweni, na maji yaliyopanda miaka ya karibuni yamewatoa watu wengi katika nyumba zao.

Maswali ya kujibu kabla ya kulipa

1. Je, sheria ya nchi ilipo nyumba inaniruhusu kuandikwa kwa jina langu?
2. Je, nimefanya upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili, bila kutegemea nakala ya dalali?
3. Je, fleti hii ina hati yake, au bado iko ndani ya hati moja ya jengo zima, ambayo huenda imewekwa rehani?
4. Je, mume au mke wa muuzaji ameridhia kwa maandishi?
5. Je, gharama za kila mwezi za lifti, maji, ulinzi na jenereta ni kiasi gani, na muuzaji ana deni?
6. Je, fedha zinapita benki, au nazibeba mfukoni kuvuka Kobero na kuyahatarisha maisha yangu?

Jibu la swali la kwanza likiwa "hapana", maswali mengine hayana haja ya kuulizwa.

Kwa majadiliano katika vikao vya mtaa: Ndugu yako akikuomba jina lako ili anunue mali katika nchi yako, utamjibuje bila kuvunja udugu? Mzungumze jambo hili wazi, wazee kwa vijana, na wanawake wakiwepo, kwa maana mara nyingi wao na watoto ndio hubaki mlangoni wakati hati inaposomwa.