Hajiri Aliitwa kwa Jina

Somo la juma: Mwanzo 16



Juma hili tunamsoma Hajiri, Mmisri, mjakazi katika nyumba ya Abramu. Tusome polepole, tusikilize wenye nyumba wanavyomtaja. Sarai anamwita mjakazi wake. Abramu naye anamwita mjakazi wa Sarai. Hakuna kati yao anayetamka jina lake. Wanampangia maisha, wanataka mtoto kwake, kisha anateswa mpaka anakimbilia jangwani. Wa kwanza kumwita kwa jina ni malaika wa Bwana, anayemkuta kwenye chemchemi, katika njia ya Shuri (mst. 7-8).

Kisha anaulizwa ametoka wapi na anakwenda wapi. Swali hilo sisi tunalijua! Tumeulizwa tulipoomba hifadhi, tumeulizwa komini tukiwa tumeshika kikaratasi cha namba, na watoto wetu waliozaliwa hapa hapa Brussels bado wanaulizwa shuleni. Kwetu jibu linaingia kwenye faili. Kwa Hajiri, jina lilitangulia swali.

Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tumeanza kujipima kwa makaratasi. Aliyekuwa muuguzi Bukavu sasa anaosha ngazi za watu akingoja diploma yake itambuliwe, na akipiga simu nyumbani anaificha kazi yake. Baba aliyenyimwa kibali haonekani tena ibadani, anaona aibu. Na sisi kanisa tumeiongeza aibu hiyo. Baada ya ibada, hata kabla ya kumuuliza mtu hali, tunamuuliza kama ameshapata. Hapo tumekosea, tutubu.

Ukipanda tramu 44 mpaka Tervuren, nenda penye kanisa la Mtakatifu Yohane. Kando yake kuna makaburi saba. Mwaka 1897, kwa maonyesho makubwa ya Mfalme Leopold II, waliletwa Wakongo 267, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama. Saba walifariki. Waliitwa Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Tuyasome majina haya kwa sauti, watoto wakisikia. Umati ulikuja kuwatazama kama kitu cha ajabu. Lakini yule aliyemwona Hajiri jangwani aliwajua tangu tumboni mwa mama zao (Zaburi 139), na thamani yao haikupanda wala kushuka kwa macho ya watazamaji.

Sasa tusidanganyane: malaika alimrudisha Hajiri kwa bibi yake (mst. 9). Alitoka mjakazi, akarudi mjakazi. Upendo wa Mungu haukumpa makaratasi siku ile. Alichorudi nacho ni ahadi juu ya mtoto wake, na ujasiri wa kumpa Mungu jina, kwamba ndiye anayemwona (mst. 13). Katika kitabu cha Mwanzo, hakuna mtu kabla yake aliyethubutu kumpa Mungu jina. Si Nuhu, si Abramu mwenyewe.

Na fungu hili lisitumike kumwambia dada anayepigwa nyumbani kwamba arudi akavumilie. Tumelisikia likitumika hivyo. Dada huyo tumfungulie mlango, tumsindikize mpaka apate msaada.

Ya kuzungumza nyumbani: Ni nani katika kanisa letu tunayemfahamu kwa shida yake tu, na jina lake hatulijui? Watoto wanaitwaje shuleni, na wao wenyewe wanapenda kuitwaje? Wazazi, waelezeni watoto maana ya majina mliyowapa, na nani aliwachagulia.

Jumapili ijayo tutasoma Mwanzo 21: Hajiri jangwani mara ya pili, maji yamekwisha, na mtoto analia.