Somo la Mwezi Huu: Kilichomo Kichwani mwa Dereva

Mkulima aletaye viazi au kabichi Nairobi huweka mali yake, na mara nyingine roho yake, mikononi mwa dereva. Basi mwezi huu tuache mbolea kidogo, tumtazame dereva mwenyewe.

Mimi nakaa Umoja, na kila asubuhi napanda matatu ipitayo Jogoo Road. Madereva wengi wa matatu hawana mshahara wa mwezi. Kila siku humpelekea mwenye gari fedha walizopatana, na zinazozidi ni zao na kondakta. Kwa hiyo msongamano wa magari humla dereva mfukoni, naye hupita kando ya lami ili awahi abiria wa kituo cha mbele. Sheria anaijua.

Tena kuna kujiamini. Ukiwauliza madereva, walio wengi watasema ni hodari kuliko wenzao. Nilisomea ualimu, na sijaona bado darasa ambalo karibu watoto wote wamempita yule wa katikati!

Usingizi nao ni adui, hasa kabla ya alfajiri. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde hupita mita 22. Dereva akisinzia sekunde tatu, lori limekwenda mita 66 bila mtu.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu za Kenya ziendazo safari ndefu. Ilikuwa kama shamba la majaribio, mstari wenye mbolea na mstari usio na mbolea. Magari mengine, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalibandikwa karatasi za kuwahimiza abiria wamkemee dereva mkorofi, mengine hayakubandikwa. Katika yaliyobandikwa, madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Baadaye, mwaka 2015, kampeni hiyo ilienezwa nchini kwa jina la Zusha.

Dereva, basi, husikia sauti iliyo nyuma yake. Na sauti yetu wakulima ni ipi? Mara nyingi ni hii: "Nifikishe sokoni kabla ya saa kumi na moja, nitakuongeza kitu." Hapo sisi ndio tunaomkimbiza.

Ukikodi lori, mwulize dereva amelala saa ngapi kabla hujapakia gunia la kwanza. Mpatane saa ya kuondoka, wala usimwekee saa ya kufika. Akianza kusinzia, mwambie asimame, hata kama kabichi zitachelewa soko.