Paka Aliyesingiziwa Sukari

Swali: Mwanangu wa miaka sita hutazama Tom na Jerry katika simu ya baba yake. Juzi kaniambia sukari imelambwa na paka, ilhali chembe zake zimemganda mdomoni. Je, nimzuie katuni? Mama, Mwamanyili, Busega.

Jibu: Mama mheshimiwa, usimzuie, kwani hao wawili, paka na panya walioanza kufukuzana huko Marekani mwaka 1940, hawamfunzi hila mtoto ambaye tangu utotoni amesikia visa vya Sungura na Fisi. Wala usitaraji kwamba, kwa kumwona mjanja akiadhibiwa, atapata ibra. Maana mtafiti Kang Lee na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadi saba hadithi ya Pinocchio, ambaye pua humrefuka kwa uongo, na uongo wao haukupungua, bali ulipungua kwa wale waliosomewa habari ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyekiri utotoni kuukata mcheri, akasifiwa na baba yake. (Ajabu ni kwamba kisa hicho cha kuhimiza ukweli ni cha kubuni!)

Basi keti naye, na Jerry akishadokoa jibini simamisha picha, umwulize: "Lau angalitaka kukiri, angalisema nini?" Tena, ukiiona sukari mdomoni, usimwulize nani kalamba, kwani swali ambalo jibu lake unalo tayari humvuta mtoto kwenye uongo, mwambie tu uliloliona, na akikiri, msifu kwanza, ndipo umtume kuipangusa meza.